Maboksi ya Chini ya Kitanda

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nimeifanya miaka mingi hapa Korogwe, na jioni nikirudi nyumbani Masuguru, badala ya kuipumzisha mikono kama watu wenye akili zao, nakaa mezani kutengeneza ndege za plastiki. Ndege, meli, magari, treni. Vitu vya kweli vilivyopunguzwa hadi vikaenea kwenye sinia. Vinakuja ndani ya boksi, vipande vimeshikamana kwenye fremu. Unakata kimoja kimoja, unasugua kwa msasa, unagundisha, unapaka rangi kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Jirani mmoja aliwahi kumwambia binti yangu kwamba mama yako, mtu mzima, anachezea midoli. Sikumjibu. Lakini meno yake yalipovunjika nilimweka mwisho wa foleni, akala uji wiki nzima.

Sehemu zetu hizi tulikuwa watatu tu. Mmoja mimi. Wa pili daktari wa mifugo wa Handeni, mdogo kwangu, mtoto wa wafugaji wa kule nyikani, ambaye baba yake hadi leo haelewi kwa nini mtu aliyesomeshwa kwa ng'ombe anunue kifaru cha jeshi kisichozidi kiganja. Wa tatu, ambaye ndiye aliyetukusanya, alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya umeme pale Hale. Mimi nilimwita kaka, kwa hiyo mkewe akawa wifi yangu. Daktari alimwita mzee, akampa shikamoo kila alipoingia, hata kama alitoka mara moja kwenda kuisogeza pikipiki kivulini.

Tulikutana kwa kaka, Hale, Jumamosi ambazo daktari hakuitwa kwenye ng'ombe anayezaa vibaya. Nyumba yao iko nyuma kidogo ya nyumba za wafanyakazi, na mkinyamaza mnausikia mto. Sisi hatukunyamaza. Wifi alipika bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki, au makande kama masika yalikuwa yameharibu njia ya sokoni, akatuwekea chakula pale palipobaki nafasi kati ya makopo ya rangi, kisha akaenda kukaa barazani na sisi tukaendelea kubishana.

Ubishi ulikuwa uleule siku zote: boksi gani linastahili kutengenezwa. Asiye mtu wa mambo haya ataona ni ubishi wa watoto. Ila boksi moja linakula miezi, na kila mmoja wetu ana maboksi mengi kuliko miaka aliyobakiza. Huo ndio ugonjwa wetu. Tunanunua, tunaagiza, tunabebewa na ndugu wanaotoka nje, tunaweka, tunasema nitalifikia. Kaka alikuwa na mdogo wake aliyefanya kazi melini, ambaye kila aliporudi Tanga alimletea boksi, na yote yalikaa chini ya kitanda, yamefunikwa kanga kuukuu ya wifi yasiingie vumbi. Kwa hiyo ukisema hili linastahili, umesema pia kwamba yale mengine yatakufa yakiwa vipande.

Msimamo wangu mimi ni ugumu. Boksi rahisi halina heshima. Nataka manowari yenye mizinga midogo kama punje za mtama, nataka kitu kitakachonitukana. Daktari yeye alisema usitengeneze usichokijua. "Hiyo ndege unayoipaka rangi," aliniambia siku moja, "iliruka kwenye vita vya watu wengine, ikaua watu wengine. Dada, wewe inakuhusu nini? Hata sauti yake hujawahi kuisikia." Nikamuuliza, na hicho kifaru chako je, kilipita Handeni kikinywesha ng'ombe? Akacheka, akasema kile alinunua kabla hajapata msimamo. Kaka hakuwa na msimamo. Alisikiliza huku akisugua kipande chake, na akiulizwa alijibu kwamba boksi linalostahili ni lile ambalo ukifa leo, ndilo litakalokuuma hukulifungua. Tukamwambia hilo si jibu.

Tulikuwa na desturi moja, na ni yeye aliyeianzisha. Mtu akimaliza modeli, anaiweka mezani, na kila mmoja lazima ataje kosa moja. Sifa marufuku. Alituambia kule kwenye mitambo hakuna aliyewahi kuusifia mtambo ukazunguka vizuri zaidi, ila mtu mmoja akisema hapa pana mlio, watu wanapona. Mwanzoni ilinichoma. Nilitengeneza ndege kwa miezi minne, daktari akaiinua, akasema tairi la kushoto limekaa kama mguu wa ndama mwenye matege. Sikuongea naye siku hiyo yote. Baadaye nikaja kuona kwamba hakuna mahali pengine duniani watu wanaiangalia kazi yangu kwa makini namna ile. Wagonjwa wangu wanavaa meno, wanajitazama kwenye kioo, wanasema asante fundi, basi.

Kisha macho ya kaka yakaanza.

Alianza kukosea pembeni. Akiweka kikombe kinaanguka, akitembea anagonga mlango kwa bega la kushoto. Alidhani ni uzee, akabadilisha miwani, ikawa vilevile. Alipofika kwa daktari wa macho aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba imekaa muda mrefu bila kupiga hodi. Kilichopotea hakirudi. Kuna matone ya asubuhi na jioni yanayolinda kilichobaki, nayo hayalindi milele. Alitueleza haya huku akikata kipande kwenye fremu, kama mtu anayesimulia habari za umeme kukatika. Alisema sasa anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichopo katikati anakiona vizuri, hata uzi, lakini pembeni hakuna kitu. Na bomba linazidi kuwa jembamba.

Daktari, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu ng'ombe wao hawaponi, alitazama chini.

"Kwa hiyo nina modeli moja," kaka akasema. "Nikienda haraka nina moja. Nichagulieni."

Akainama, akaanza kuyavuta maboksi kutoka chini ya kitanda, akayapanga sakafuni. Wifi alikuwa mlangoni. Nakumbuka tulivyoyazunguka, watu wazima watatu tumechuchumaa, tukaanza kazi yetu ya kubishana, na nasema kweli kwamba kwa muda fulani tulisahau tunabishania nini. Mimi nilishika manowari. Nilisema mtu mwenye mikono kama ya kaka hawezi kumalizia kwenye kitu chepesi. Daktari akasema manowari ina vipande vidogo mno, mnataka apofuke mapema? Akataka boksi la treni, behewa la abiria, refu, lenye viti ndani na vioo vingi. Alisema mzee amesikia treni ya Tanga maisha yake yote, na yeye daktari mwenyewe aliwahi kuipanda akiwa mdogo. Nikamwambia hilo behewa ni la Ulaya, mabehewa yetu hayana milango ya namna hiyo. Akasema tutakata milango. Nikasema ukikata milango umeharibu boksi. Tukapandishiana sauti kabisa.

"Mnamchagulia plastiki," wifi alisema pale mlangoni.

Tukageuka.

"Macho yenyewe ndiyo hayo yamebaki. Mnakaa mnamchagulia plastiki ya kuyamalizia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna kitu kingine cha kutazama."

"Mama watoto," kaka akasema kwa upole, "sasa nikae nitazame ukuta?"

Wifi alikusanya vyombo na kwenda uani. Daktari alimfuata kumwomba radhi, akamwita yeyo, kama anavyomwita mama yake, na nadhani alisamehewa kwa sababu alirudi na chungwa. Lakini neno lenyewe halikujadiliwa. Mimi nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Niliona wifi anamnyima mgonjwa furaha yake. Wanaume wengine wakistaafu wanaenda kulewa gongo. Huyu anakaa nyumbani na brashi, na bado analaumiwa.

Kaka alichagua behewa. Hakutoa sababu. Alilibeba mezani mwenyewe, akayarudisha mengine chini ya kitanda na kuyafunika.

Alilifanyia kazi kuanzia kiangazi hadi mvua zikaja na kupita. Sijawahi kumwona mtu anafanya kazi vile. Aliamka mwanga ukiwa umetulia, akakaa dirishani hadi jua lilipokuwa kali, akapumzika, akarudi alasiri. Alipaka rangi viti vya ndani kimoja kimoja, rangi ya damu ya mzee, na mishono ya ngozi akaichora kwa ncha ya sindano. Nikamwambia kaka, ukishaweka paa hivyo viti havitaonekana. Akasema vioo ni vingi, mtu akichungulia ataviona. Hapo ndipo tulipobishana mwezi mzima mimi na daktari, kama kazi ya ndani ina maana au ni kupoteza muda, na muda ndio aliokuwa hana. Daktari alikata ile milango kwa kisu changu cha kazini. Ilitoka vizuri, ingawa sikumwambia.

Bomba lilizidi kuwa jembamba. Kipande kikianguka sakafuni hakuweza tena kukitafuta. Wifi alipiga magoti na kupapasa hadi akakipata, akamwekea kiganjani, akarudi jikoni. Tukifika kaka alituambia, nimebakiza madirisha na paa tu. Alisema vile kama mtu anayetaja kituo cha mwisho.

Halafu wifi akanipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini. Alisema, "Wifi, macho ya mwenzangu yamekwisha." Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikauliza lini, akasema juzi. Ameamka, amekwenda mezani, ameliangalia behewa, akarudi kukaa kitandani na kusema, basi, yamekwisha.

Niliifunga kazi nikaenda. Nilimkuta kaka amekaa kwenye kiti barazani, amevaa miwani nyeusi, ameelekea upande wa mto. Tulizungumza habari za mashamba ya mkonge na bei ya mafuta. Sikulia pale. Nililia kwenye gari nikirudi, karibu na abiria mwenye kuku, na sikujali.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili, mimi na daktari. Behewa lilikuwa mezani palepale alipoliacha, limefunikwa na boksi lake lisipate vumbi. Kaka alituambia tulifunue. Kumbe alikuwa amelimaliza, vioo vimewekwa, paa limefungwa.

"Haya," akasema. "Desturi."

Daktari alilizungusha behewa mkononi, akasema, "Mzee, safi kabisa. Sioni kosa."

Kaka aligeuza uso kuelekea sauti ile. "Daktari, hujawahi kunisifia tangu nikujue. Nimeshakufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi sema."

Daktari akalitazama tena, machozi yanamlenga. Akasema mshikio wa mlango wa pili umeinama. Kaka akatikisa kichwa, akasema anajua, aliuweka siku ya mvua. Kisha ikawa zamu yangu. Nilivaa miwani yangu ya kukuzia, ile ninayotumia kwenye meno, nikaliinua behewa kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa nimeshaona kabla hata ya kuivaa. Vioo vyote, upande huu na huu, vilikuwa vyeupe. Si vumbi. Ni ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi ya moto, na viti vyote vile vya ndani, mishono yake yote, havikuonekana hata kimoja.

Ni kosa la sisi watu wa modeli peke yetu. Vioo vya modeli vinagundishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, inayokauka polepole na kuacha kioo kikiwa safi. Ukitumia supaglu, moshi wake usioonekana unapanda na kuganda kwenye kioo kikawa cheupe, na ukiwa umeziba kila mahali, paa juu na boksi limefunikwa, ndipo unapozidi. Kila anayefanya kazi hii hufanya kosa hilo mara moja, akilia hulia mara moja. Kaka alilifanya zamani kabla sijamjua, na yeye ndiye aliyenifundisha nisilifanye. Chupa zote mbili alizokuwa nazo, ya gundi nyeupe na ya supaglu, nilimpa mimi kutoka kazini, ndogo, zenye kifuniko cha aina moja. Mtu anayeona katikati tu ya bomba hushika chupa iliyo karibu na mkono.

Nilifikiri nimwambie mshikio tu, kama daktari. Nilifikiri nimwambie rangi ya paa. Lakini nikaona kwamba nikimdanganya leo, basi kila kosa nililowahi kumwambia litakuwa lilikuwa mchezo.

"Vioo, kaka," nikasema. "Vyote vina ukungu. Ulishika supaglu."

Akainamia upande wangu.

"Ukungu uko kwenye vioo?"

"Uko kwenye vioo."

"Unauona wewe?"

"Nauona. Na daktari anauona."

Akakaa hivyo, mikono juu ya magoti.

"Nilidhani ni macho," akasema.

Akatueleza polepole. Jioni ile aliweka vioo vyote, akafunga paa, akafunika. Aliacha behewa ambalo ukilichungulia unaona kila kiti. Asubuhi akafunua, akachungulia, akaona weupe mtupu. Alikuwa ameambiwa siku moja itakuwa hivyo, na siku zote alikuwa akiingoja. Akageuka dirishani, jua likampiga usoni, akaona weupe huko pia. Hakujaribu tena. Alisema hakutaka kuutazama unavyokuja. Aliona bora afumbe mwenyewe, akaomba miwani nyeusi, na tangu hapo chini ya ile miwani alikuwa amefumba macho.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Siku zote zile, mtu aliyebakiza punje ya kuona, amekaa barazani amefumba macho kwa ajili ya chupa ya gundi. Daktari alisimama, akakaa, akasimama tena.

Wifi alikuwa ameingia na sinia la chakula, amesikia yote. "Kwa hiyo unaona," alisema.

"Sijui. Sijajaribu."

"Jaribu."

Kaka akavua miwani. Akafumbua macho taratibu, yakatoka machozi kwa mwanga, akayapangusa kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa bado nimeshika behewa, na nusu yangu, Mungu anisamehe, ilitaka alitazame behewa kwanza.

"Usitazame huko," wifi alisema. "Niangalie mimi."

Akaanza kumtafuta. Watu wanaoona hivyo hawamtazami mtu mara moja. Wanasogeza kichwa kidogo kidogo, huku na huku, hadi wampate. Alianzia kwenye sinia, akapanda mikononi, akapanda begani kwenye kanga, akasimama shingoni. Alikaa pale muda mrefu. Kisha shavuni. Wifi hakusogea.

"Umekonda," kaka akasema.

Wifi aliinamisha macho kwenye sinia.

"Umekonda lini?"

"Tangu masika," alisema. "Chakula hakipiti vizuri. Kinakwama hapa."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa na kazi."

Hapo nami nikamtazama, nikiwa bado na ile miwani ya kukuzia usoni, na nikaivua kwa sababu sikuihitaji. Mifupa ya bega ilikuwa imetokeza kwenye kanga aliyoizungusha mara mbili. Meno ya juu aliyovaa nilimtengenezea mimi mwenyewe, nikayapima hadi yakakaa vizuri, na sasa yalikuwa yanacheza kila alipozungumza, na aliyabana kwa mdomo ili yasidondoke. Mtu akipungua sana, meno hulegea. Hilo namwambia kila mgonjwa. Na nilikuwa nimekula chakula cha mikono yake masika yote na baada ya masika, nikitazama mshikio wa mlango.

Daktari alitoa simu yake mfukoni, akatoka nje kumtafuta mtu mwenye gari la kutufikisha hospitali. Kaka alikuwa bado hajaondoa macho kwenye shavu la mkewe, na wifi alikuwa bado amesimama na sinia, kwa kuwa mezani tulikuwa hatujamwachia pa kuliweka.